Sura ya Tano: Jani, Kiu na Hewa Ukaa

Apitaye katika shamba la mahindi saa sita za mchana, wiki ya tatu tangu mvua ilipokatika, huyaona majani yamejikunja kwa urefu wake mfano wa mikeka iliyoviringishwa ikaegemezwa ukutani, na rangi yake imefifia ikawa kama iliyopakwa majivu. Naye akirudi alfajiri ya siku ya pili huyakuta yamekunjuka na kulainika, kana kwamba jana yake hapakuwa na dhiki yoyote. Mkulima huijua alama hiyo bila kufundishwa. Maadamu majani yakunjuka usiku, mmea ungali na uhai na matumaini yapo. Walakini siku ambayo alfajiri itayakuta yangali yamejikunja, hiyo ndiyo siku ya kuanza kufikiri chakula cha watoto kitatoka wapi. Sura hii yahusu yale yatukiayo ndani ya jani hilo kati ya adhuhuri na alfajiri, na yahusu pia swali ambalo wanazuoni wa kilimo wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 30: je, hewa ukaa inayozidi angani itampunguzia mkulima huyu taabu ya ukame, au itamwongezea?

Kwa mtazamo wa kwanza swali laonekana jepesi. Hewa ukaa, ambayo viwanda, magari na misitu iunguayo huizidisha angani mwaka hata mwaka, ndiyo malighafi ambayo mmea hutengenezea sukari, na sukari ndiyo asili ya kila punje iliyomo ghalani; basi hewa hiyo ikizidi, kwa nini nafaka isistawi? Wapo waliojibu kwa furaha kwamba itastawi, wakaiita hewa ukaa mbolea ya bure. Na wapo walioona kwamba kulikubali neno hilo ni kuwapa hoja wale wanaoichafua anga, wakalikana kabisa. Mimi naona makundi yote mawili yamemdhulumu mkulima, kwa kuwa jibu la kweli lina masharti, na katika masharti hayo ndimo manufaa yake yalimo.

Tuanze na jani lenyewe. Ukilitia chini ya hadubini, utaiona ngozi yake imetobolewa vitundu vidogo mno, makumi kwa makumi katika kila milimita ya mraba, na kila kitundu kimepakana na seli mbili zilizokaa mfano wa midomo, ziwezazo kukifungua na kukifumba. Vitundu hivyo huitwa stomata. Hewa ukaa huingia kwa njia hiyo, na mvuke wa maji hutoka kwa njia hiyo hiyo, wala mmea haukujaliwa mlango wa pili. Kwa hiyo kila ufunguapo ili upate chakula hunyang'anywa maji, na kila ufumbapo ili ulinde maji hushinda na njaa. Ni biashara nzito, maana kwa kila chembe moja ya hewa ukaa ipatikanayo, chembe za maji zipoteazo huhesabika kwa mamia.

Uzito wa biashara hii ulipimwa mapema. Kati ya mwaka 1911 na 1913, pale Akron katika jimbo la Colorado, Marekani, Lyman Briggs na Homer Shantz walipanda mimea ya namna nyingi katika vyombo vikubwa vilivyofunikwa, ili maji yasipate pa kutokea ila majanini, wakavipima kwa mizani muda wote wa ukuaji. Waliona kwamba ili kutengeneza kilo moja ya mmea mkavu, mtama ulitumia maji kilo 320 hivi, mahindi kilo 370 hivi, na ngano zaidi ya kilo 500. Mtu aliyezaliwa Dodoma au Kitui, ambaye wazee wake walipanda mtama na uwele hata kabla mahindi hayajazoeleka, hatastaajabu kusikia kwamba mtama ulitoka mbele. Ila sababu yake haikujulikana hata ilipopita nusu karne.

Sababu hiyo ilidhihirika palipogunduliwa kwamba nafaka zina kabila mbili. Melvin Calvin na wenzake wa Berkeley, waliofuata nyayo za kaboni yenye mnururisho ndani ya mwani, walikuwa wamekwisha kueleza namna mmea unavyoigeuza hewa ukaa kuwa sukari, kazi iliyompatia Calvin Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini watafiti wa miwa huko Hawaii waliona kwamba muwa haufuati maelezo hayo, na mwaka 1966 Marshall Hatch na Roger Slack, waliokuwa wakifanya kazi Brisbane, Australia, wakaibainisha njia ya pili. Ngano, mpunga na shayiri huikamata hewa ukaa moja kwa moja kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kilitokea katika zama ambazo oksijeni ilikuwa haba angani, na kwa sababu hiyo hakikupata kuzibagua vizuri hewa hizo mbili: mara kwa mara huishika oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea hulazimika kutumia nguvu kuirekebisha kasoro hiyo. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo makosa yanavyozidi. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na muwa huipokea hewa ukaa kwanza kwa kimeng'enya kingine kisichokosea, kisha huisukuma hadi katika seli za ndani zilizoizunguka mishipa ya jani mfano wa shada, na humo huirundika kwa wingi unaopita mara nyingi ule wa hewa ya nje, ndipo rubisko ifanye kazi yake ikiwa imeshiba.

Msomaji na alishike sana jambo hili, kwa kuwa yote yafuatayo yamejengwa juu yake. Ngano huishi katika njaa ya hewa ukaa, na kuizidisha hewa hiyo ni kuilisha. Mahindi na mtama hazina njaa hiyo, maana zina pampu yao wenyewe, na kuizidisha hewa ni kumwongezea wali mtu ambaye sinia yake imejaa. Lakini nafaka zote, za kabila hii na ile, zina midomo ile ya stomata, na midomo hiyo hujifumba nusu pale hewa ukaa inapozidi, kwa kuwa mmea hupata haja yake kwa upenyo mdogo zaidi. Ngano, basi, hupata faida mbili, chakula na akiba ya maji. Mahindi na mtama hupata moja tu, akiba ya maji. Na akiba ya maji haina thamani kwa mwenye kisima kilichojaa.

Haya yangebaki kuwa hoja za mezani lau yasingepimwa shambani. Majaribio ya kwanza yalifanywa ndani ya vyumba vya vioo na mahema ya plastiki, mahali ambapo upepo hauvumi kama kawaida yake na mizizi imebanwa katika vyungu, na matokeo yake yalikuwa mazuri kupita kiasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibuniwa njia nyingine: duara la mabomba lenye upana wa mita 20 au zaidi hutandazwa katikati ya shamba la kawaida, hewa ukaa hupulizwa kutoka upande ule upepo utokeako, na mashine hupima na kurekebisha kila mara, ili mimea iliyomo ndani ya duara iishi katika hewa inayotazamiwa kuwapo miongo ijayo, ilhali jua, umande, wadudu na udongo vyabaki vile vile. Kiwango kilichotumiwa mara nyingi ni sehemu 550 hivi kwa milioni. Ili msomaji apate kukilinganisha, kabla ya zama za viwanda anga ilikuwa na sehemu 280 hivi. Charles David Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwezi Machi 1958, zilikuwa kama 315. Na mwaka 2024 zilikwisha kupita 420.

Pale Maricopa, katika jangwa la Arizona, ngano ilijaribiwa kwa njia hiyo katika miaka ya 1990, nusu ya kila duara ikipewa maji ya kutosha na nusu ikinyimwa. Palipokuwa na maji tele, hewa ukaa iliongeza mavuno kwa asilimia 10 hivi. Palipokuwa na kiu, kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 1998 na 1999 zamu ikawa ya mtama, na huko ndiko tofauti ya kabila mbili ilikojionyesha bayana: mtama ulionyweshwa vya kutosha haukupata faida yoyote ya maana, ilhali ule ulionyimwa maji uliongezeka uzito kwa asilimia 15 hivi. Jimboni Illinois, mwaka 2004, mahindi yaliyokuzwa katika maduara ya chuo kikuu yalipata mvua nzuri msimu mzima, na mwishowe wavunaji hawakuona tofauti baina ya ndani na nje ya duara, si kwa uzito wala kwa idadi ya punje, ijapokuwa stomata zilikuwa zimejifumba kwa theluthi moja na udongo wa ndani ya duara ulikuwa na unyevu mwingi zaidi. Akiba iliwekwa, lakini haikupata siku ya kutumika.

Jaribio ambalo mimi huliona kuwa bora kuliko yote kwa msomaji wa Afrika lilifanywa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 2007 na 2008. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa mvua, na mahindi yakafanya kama yale ya Illinois. Mwaka wa pili watafiti waliweka mahema ya kuizuia mvua juu ya sehemu ya shamba, mimea ikaona kiu ya kweli. Na hapo mahindi yaliyokuwa katika hewa yenye sehemu 550 yalitoa mavuno ya punje yaliyozidi kwa asilimia 40 hivi yale ya majirani wao waliopata kiu ile ile katika hewa ya kawaida. Tazama kwamba uzito wa mmea mzima, mabua na majani pamoja, uliongezeka kwa karibu robo tu, ilhali punje ziliongezeka kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Kwa nini punje zipate fungu kubwa kuliko mabua?

Jibu limo katika siku chache za maua. Mhindi una maua ya kiume kileleni na ya kike ubavuni, na kila unywele katika zile ndevu zitokazo kwenye hindi changa umeungana na punje moja: usipopata chavua, pale pake katika gunzi patabaki pengo. Ukame ukikutana na siku hizo, kilele hutoa chavua kwa wakati wake, bali ndevu huchelewa, kwa kuwa unywele hurefuka kwa nguvu ya maji yaliyomo ndani yake. Zikitokeza hatimaye, chavua imekwisha kupeperushwa, na mvunaji humenya hindi zuri kwa nje, akakuta gunzi lenye punje tatu hapa na tano kule, mfano wa kinywa cha mzee aliyeng'oka meno. Mzalishaji wa mbegu na mkulima wote wawili wajua kwamba wiki mbili za kiu wakati wa maua hudhuru kuliko mwezi mzima wa kiu wakati mmea ungali mchanga. Basi maji yaliyowekwa akiba udongoni tangu mmea ulipokuwa magotini, kidogo kidogo, kwa kuwa stomata zilifumbwa nusu, yakidumu mpaka siku hizo za maua, thamani yake hailingani na wingi wake.

Haya ni kweli, nami nayasema bila kusita, maana hakuna faida ya kumficha mkulima habari njema. Lakini insafu yataka tuyaone na yale yanayoizuia faida hiyo, nayo kwa maoni yangu ni mazito zaidi katika nchi zetu kuliko huko Arizona na Ujerumani.

La kwanza ni kwamba hewa ukaa huokoa maji, haileti maji. Mvua ikichelewa wiki mbili, akiba ile huweza kuuvusha mmea. Mvua isiponyesha kabisa, kama ilivyotokea katika misimu mitano mfululizo huko Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, hakuna cha kuokoa, na jani lililofumba midomo yake kwa siri tangu asubuhi hukauka pamoja na lile lililoiacha wazi. Tena kwa nafaka za kabila ya ngano akiba yenyewe huweza kuponzwa na neema ya chakula: mmea ulioshiba hewa ukaa hutoa majani mengi na machipukizi mengi mapema, kila jani likiwa na stomata zake, na shamba hilo lenye majani mengi humaliza maji ya udongo kabla punje hazijajaa. Wakulima wa ngano wa Australia, ambao mvua yao hukatika katika majira ya kuchanua na kujaza punje, waliujua msiba huo zamani kwa njia ya mbolea ya naitrojeni iliyozidi, na hapana sababu ya kudhani kwamba hewa ukaa itauepuka daima.

La pili ni joto. Mvuke utokao katika stomata ndio jasho la jani, na jani lililofumba midomo halitokwi na jasho. Katika majaribio ya Arizona mimea iliyokuwa ndani ya maduara ilionekana kuwa na joto zaidi kuliko iliyokuwa nje wakati wa mchana, kwa nusu digrii na pengine zaidi. Kiasi hicho ni kidogo, ila huongezwa juu ya joto la dunia ambalo hewa ukaa hiyo hiyo imelileta. Na mahindi hayavumilii. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichapisha uchunguzi wa majaribio ya mbegu zaidi ya 20,000 yaliyofanywa Afrika, wakaona kwamba kila siku moja yenye digrii moja juu ya nyuzi 30 ilipunguza mavuno kwa asilimia 1 palipokuwa na maji ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 palipokuwa na ukame. Aidha hewa iliyopata joto huwa na kiu yake yenyewe: kila digrii moja huiwezesha kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na hewa yenye kiu huyavuta maji kutoka kwenye jani na kutoka kwenye udongo kwa nguvu zaidi, hata akiba iliyowekwa kwa mkono mmoja ikachukuliwa kwa mkono wa pili.

La tatu halionekani shambani, bali huonekana katika afya ya wale wanaokula. Mwaka 2014 Samuel Myers na wenzake walikusanya punje kutoka katika maduara ya Japani, Australia na Marekani, wakaona kwamba ngano iliyokua katika hewa yenye ukaa mwingi ilipungukiwa na zinki kwa asilimia 9 hivi, na chuma kwa asilimia 5 hivi, na protini kwa zaidi ya asilimia 6. Mchele nao ulipungukiwa na chuma na protini kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Nafaka za kabila ya mahindi na mtama hazikudhurika sana. Kwa jamaa ambayo kitoweo chake cha kila siku ni mboga kidogo, na ambayo hupata sehemu kubwa ya zinki na chuma kutoka katika nafaka yenyewe, upungufu huo si jambo la kupuuzwa, na naona ajabu kwamba husahauliwa kila inapotajwa ile mbolea ya bure.

Jambo moja lanisikitisha katika habari hizi zote. Sehemu kubwa ya maduara haya imejengwa katika nchi za kaskazini na Australia, kwenye udongo uliotiwa mbolea kwa kipimo, na kwa mbegu ambazo mkulima wa Singida au wa Makueni hajapata kuziona, ilhali hapa ndipo mamilioni ya watu hutegemea mahindi na mtama zilizonyeshewa na mvua peke yake. Udongo wetu mwingi una upungufu wa naitrojeni na fosforasi, na mmea wenye njaa ya vitu hivyo hauwezi kuitumia fursa ya hewa kama ule ulioshiba. Kwa hiyo kuichukua ile asilimia 40 ya Braunschweig na kuiandika katika mipango ya chakula ya Afrika Mashariki ni kumhesabia mtu mali ambayo hajakabidhiwa. Gharama ya duara moja ni kubwa, nakubali, ila gharama ya kukisia riziki ya taifa kwa mashamba ya watu wengine ni kubwa kuipita.

Mpaka maduara hayo yajengwe, tunao mmea mmoja ambao wazee waliujaribu kwa muda mrefu kuliko chuo kikuu chochote. Mtama ulianza kulimwa mashariki ya Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wakati anga ilikuwa na hewa ukaa sehemu 270 hivi kwa milioni, yaani chini ya theluthi mbili za kiasi cha leo, na tangu hapo umekuwa ukichaguliwa, suke kwa suke, na watu ambao mvua yao haikuwa na ahadi. Kiu ikiukuta kabla ya kuchanua, mtama haukazani kutoa maua kwa wakati kama mahindi. Husimamisha ukuaji, hukunja majani yake yenye nta, hungoja, na mvua ikirejea huendelea pale ulipoachia au huchipuza machipukizi mapya kutoka shinani. Kwa mmea wenye tabia hiyo, siku chache za unyevu zilizookolewa na stomata zilizofumbwa nusu huongeza muda wa kungoja, na katika nchi ambayo mvua mara nyingi huchelewa kuliko kukosekana kabisa, muda wa kungoja ndio unaotenganisha shamba lililovunwa na lile lililoachiwa mbuzi. Mahindi hayana subira hiyo: siku yake ya maua ikifika huchanua, pawe na maji au pasiwe na maji.